Mhasibu na muheme

Dodoma ninayoijua mimi ni mji wa watu wenye malengo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini wengi wetu tuliletwa na msukumo ulioanza 2016. Tulifika na mabegi, barua za uhamisho na hesabu kichwani: kiwanja kwanza, nyumba baadaye, na hapo katikati shahada ya pili au CPA, cheti cha juu cha uhasibu. Ukikaa kantini ya Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, saa saba mchana ni nadra kusikia mtu akizungumzia jambo lisilo na tarehe ya mwisho. Mwenye msingi anawaza lenta, mwenye lenta anawaza bati, na mwenye bati anaulizia bei ya geti. Hata mapumziko yana mpango kazi. Mwenzangu mmoja alijiunga na jogging ya Jumamosi ili apumzishe akili. Haukupita muda akawa mweka hazina, klabu ikawa na fulana, mfuko wa kufa na kuzikana, na ratiba ya vikao.

Mimi ni mhasibu, kwa hiyo sina ubavu wa kuyacheka malengo. Yamenisomesha na yamenijengea nyumba. Kazini tulikuwa na OPRAS, sasa tuna PEPMIS. Kwa lugha ya kawaida, unaandika utafanya nini, kisha mfumo unakuuliza kama umefanya. Nyumbani nilikuwa na vitabu vya mitihani ya bodi ya wahasibu juu ya meza ya chakula, watoto wanakula pembeni. Maisha hayo sikuyaona mabaya, na bado siyaoni mabaya.

Tulijenga Ihumwa kwa sababu ya bei ya kiwanja na ukaribu wa Mtumba. Ihumwa ni mahali pa ajabu kidogo. Upande mmoja nyumba za watumishi zenye mageti ya kuteleza, upande wa pili wenyeji, Wagogo wenye ng'ombe na mashamba ya mtama na uwele, ambao walikuwa hapo kabla yetu na wanatutazama kwa uvumilivu. Jirani yangu wa upande huo ni bibi mmoja anayeniuzia maziwa. Kigogo changu ni cha kuombea maji. Najua kusema "Mbukwenyi" na vitu vichache vya sokoni, basi. Lakini Julai ya kwanza tukiwa pale, usiku wa baridi ile ya Dodoma inayopasua midomo, nilisikia ngoma, nikatoka hadi kwenye uzio, na bibi akanipigia kelele kwa Kiswahili: "Njoo huku, usisimame kama mgeni wa mkutano!"

Wengi wa kule kwetu Pwani hushangaa wakiona muheme, ngoma hiyo ya Wagogo, mara ya kwanza, maana wapigaji ni wanawake. Mwanamke anasimama, ameibana ngoma katikati ya mapaja, anaipiga kwa viganja huku mwili mzima ukidunda nayo. Wakiwa kadhaa, kila mmoja ana pigo lake, na mapigo yanapishana kiasi kwamba sikio halijui lishike lipi. Kabla ya kuanza wanawasha moto wa mabua. Baridi huilegeza ngozi, kwa hiyo bibi huisogeza ngoma karibu na moto, anaizungusha taratibu, kisha anagonga ukingoni kwa kidole kimoja akiwa ameinamisha sikio. Ikijibu kwa uvivu anairudisha motoni. Ikijibu kwa ukali anaiondoa haraka, maana ikizidi ngozi itapasuka. Kazi hiyo haipi mtu mwingine. Nimemwona akimnyang'anya ngoma mtoto wake wa kumzaa, mtu mzima mwenye wajukuu, kwa sababu ya haraka ya kuanza.

Nilipopewa ngoma ndogo nijaribu, ilinitoka mapajani ikabingirika hadi miguuni kwa mbuzi. Kila mtu alicheka, mimi nikiwemo. Baada ya jioni kadhaa nilimuuliza bibi, kwa akili ya mtu wa ofisini, itanichukua muda gani hadi niweze.

"Kuweza nini?"

"Kupiga, bibi."

"Si unapiga?"

Nilikuwa napiga vibaya, naye alijua kwamba napiga vibaya, kwa sababu alinipanga mwisho wa mstari, mbali na wale wenye pigo la kuongoza. Lakini swali langu hakulielewa kabisa, wala hakujifanya kutolielewa. Kesho yake ofisini nilikuwa naingiza malipo kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, kwa viganja vilivyovimba, nabonyeza tarakimu kwa ncha za kucha, na nilijikuta natabasamu peke yangu mbele ya vocha ya matengenezo ya magari.

Jambo lililonifungua macho, hata hivyo, halikutokea kwenye ngoma. Lilitokea Februari iliyofuata. Nilikuwa nimechoshwa na kusoma usiku, nikaenda kwa bibi nikidhani nitapata jioni ya kuchangamka. Nikamkuta anarudi shamba, matope hadi magotini, jembe begani.

"Ngoma?" akaniuliza kana kwamba nimeulizia embe wakati wa kiangazi. "Sasa hivi tunapalilia, mwanangu. Mvua ya huku haimsubiri mtu."

Ndivyo ilivyo. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, na mwaka wa kawaida zinashuka milimita 500 hadi 600. Ukichelewa kupanda, au magugu yakikutangulia, hakuna vuli wala masika ya kukuokoa kama kule kwetu Tanga. Kwa hiyo katika miezi ile bibi ana malengo kuliko mkurugenzi yeyote ninayemfahamu. Haongei sana, halali sana, hachezi. Kisha Mei na Juni wanavuna, wanapura, ghala inajaa au haijai, na Julai kinachobaki ni moto wa mabua na ngoma.

Nilirudi nyumbani nikachukua kalenda ya ukutani. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30. Kuanzia Aprili Bunge la bajeti linakaa, hoteli zinajaa, na sisi wa malipo tunakimbizana na madai kabla mfumo haujafungwa. Mitihani ya bodi hufanyika Mei na Novemba. Ukiviweka vitu hivyo pamoja unaona kwamba mimi na bibi tunalima msimu mmoja. Na Julai, wakati fedha za mwaka mpya hazijaanza kushuka sawasawa, dawati langu linapumua. (Wenzangu wa hesabu za mwisho watanipiga mawe kwa kusema hivyo, kwao ndiyo kwanza mbio za kuelekea Septemba zinaanza.)

Tangu hapo niliacha ule ushauri tunaopewa kila semina, kwamba siku igawanywe: saa nane za kazi, saa mbili za kusoma, nusu saa ya "kitu unachokipenda". Niliwahi kuufuata kwa uaminifu. Ile nusu saa ilikuwa mzigo kuliko vyote, kwa sababu nilikuwa naitazama saa. Badala yake nikaugawa mwaka. Januari hadi Juni mimi ni mtu wa mitihani na vocha, simu za rafiki zangu zinapokelewa Jumapili jioni, na mume wangu anajua chakula cha usiku ni juu yake. Julai hadi Septemba sisomi. Sifungui hata kitabu kimoja. Nikaamua pia kwamba nitafanya mitihani ya Mei peke yake, Novemba naiacha ipite.

Uamuzi huo una bei, na sitaki kuipunguza. Tulianza safari ya CPA pamoja na mwenzangu wa chumba kimoja. Yeye alikaa kila mtihani uliopita mbele yake, Mei na Novemba, akamaliza mapema, akapanda cheo, na leo anasaini mahali ambapo mimi naandaa. Ana haki yake yote. Mume wangu aliniuliza kwa upole, siku matokeo ya mwenzangu yalipotoka, kama naona Julai zangu zilistahili. Nilimjibu kwamba naona. Nikamwambia pia kwamba nina wivu. Vyote viwili vilikuwa kweli na hadi leo havijagombana.

Sasa nije kwenye jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Kuna mara kikundi cha akina mama wa pale jirani kiliitwa kutumbuiza kwenye hafla. Dodoma ni mji wa hafla. Kila wiki kuna kitu kinazinduliwa, na kila kinachozinduliwa kinahitaji ngoma ya asili ya kumpokea mgeni rasmi. Tulifika saa mbili asubuhi. Tulipewa vitenge vya sare. Hapakuwa na moto, kwa hiyo bibi alizianika ngoma juani akizigeuza kama mtu anayeanika mahindi. Mgeni rasmi alifika karibu saa sita. Tukaanza. Ndiyo kwanza mapigo yalikuwa yameanza kushikana, pale ambapo mtu anasahau miguu yake, MC akasema kwenye kipaza sauti: "Asanteni sana akina mama, asanteni, tunaomba tukae." Tukakaa. Tulipewa soda, na baadaye posho, tena posho nzuri. Kwenye gari la kurudi bibi alisema, bila uchungu wowote, "Leo tumefanya kazi," akalala.

Usiku huohuo, nikijua wamechoka, nilisikia ngoma. Nikaenda. Ngoma zilezile, wanawake walewale, pigo lilelile waliloanza nalo asubuhi. Wakaendelea hadi likaisha lenyewe, kama linavyoisha siku zote: mmoja anapunguza, wa pili anamfuata, mwisho anabaki mtu mmoja anagonga ukingoni, halafu mtu anacheka au anadai maji. Hapo ndipo nilipoona tofauti. Posho haikuharibu chochote. Waliifurahia na watoto walinunuliwa viatu. Tofauti ilikuwa ni nani anayeamua imetosha. Kwenye hafla anaamua MC. Kwenye mtihani inaamua saa iliyo ukutani, kwenye bajeti inaamua Juni 30. Kwa bibi, pale kwenye majivu, imetosha ikitosha.

Kipimo hicho nimekitumia kwenye mambo mengi tangu siku ile, na kinanisaidia kuliko swali la kawaida la "unalipwa au hulipwi". Kuna watu wanalipwa na bado jambo ni lao. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki Mgogo wa huku huku, alizunguka dunia na ilimba na zeze, akafundisha Bagamoyo, na sidhani kuna aliyewahi kumsikiliza akafikiri mtu yule anatimiza lengo la robo mwaka. Na kuna wasiolipwa senti, kama yule mwenzangu wa jogging, ambao wamejitengenezea ajira ya pili isiyo na mshahara.

Jaribio kubwa lilikuja kwa sura ya msaada. Afisa maendeleo ya jamii alipita akawaeleza akina mama kuhusu mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilikuwa imesimamishwa 2023 na ilirudi mwaka uliofuata. Ni fursa ya kweli, na mimi niliipigia debe. Afisa akaona tayari kuna kikundi: akina mama wanaojuana, wanaokutana, wenye hata sare. Akashauri kisajiliwe kama kikundi cha ngoma na shughuli za uzalishaji, kiwe na katiba, akaunti ya benki, mwenyekiti, katibu. Macho yote yakanigeukia mimi. Mhasibu si huyu hapa?

Ningeweza kuandaa makaratasi yale kwa jioni moja. Lakini kwenye katiba za namna hiyo kuna kifungu cha mahudhurio na faini ya kuchelewa, na nilipomsomea bibi alinyamaza kidogo.

"Nikichelewa kwenye ngoma nalipa faini?"

"Ndiyo, bibi. Ni kwa ajili ya nidhamu."

"Na usipochelewa unalipwa?"

Wakabishana, tena sana, na si wote waliokuwa upande wa bibi. Mama mmoja kijana, mjane, alisema wazi kwamba yeye hana muda wa kucheza bila faida, ana ada za shule. Hoja yake ilikuwa nzito na hakuna aliyeipuuza. Mwishowe walifanya kitu ambacho mimi na shahada yangu sikukiwaza: walianzisha kikundi kingine kabisa. Cha kukamua alizeti. Kinakutana Jumatano, kina daftari, kina faini, kina akaunti, mimi ndiye ninayekagua hesabu zake, na yule mama mjane ni mwenyekiti mkali asiye na mchezo. Nusu ya wanachama wapo pia kwenye ngoma, nusu hawapo. Ngoma ikaachwa ilivyo, bila jina wala muhuri.

Faida ya kuvitenganisha niliiona msimu wa magunia. Mama wawili walikorofishana kwenye alizeti kuhusu gunia lililopungua uzito, ugomvi wa kufikishana kwa mtendaji. Jumatano hawakusalimiana. Jumamosi niliwakuta wamesimama bega kwa bega, ngoma mapajani, mmoja akimpa mwenzake mapigo ya kujibu. Bado walikuwa hawaongei. Ilichukua hadi kiangazi ndipo wakapatana. Lakini kama vitu vile viwili vingekuwa kitu kimoja, gunia lile lingeondoka na ngoma.

Mume wangu ametembea njia hiyohiyo kinyumenyume. Alipanda zabibu nyuma ya nyumba kama mradi. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na alishaandika kwenye daftari kila mche utaleta nini. Bei za mnunuzi zikaja chini ya daftari, ukungu ukapita msimu mmoja, na eneo lenyewe ni dogo mno kumshughulisha mtu wa lori. Mradi ukafa kimyakimya. Mizabibu haikufa. Sasa Jumamosi asubuhi anakuwa humo na redio ndogo, anapogolea matawi ambayo nina hakika yalipogolewa wiki iliyopita. Zabibu zenyewe wanakula watoto na ndege. Ukimuuliza atakuambia anafanya utafiti wa aina za miche. Namwacha na utafiti wake.

Ofisini wamezoea. Kila Julai kuna mtu ananishauri nifungue chaneli, kwamba mhasibu anayepiga muheme ni "kontenti" ya uhakika. Siwabishii. Nawaambia njooni Chamwino, kuna tamasha la muziki wa Kigogo kila mwaka, mtasikia watu wanaojua kweli. Mimi bado nipo mwisho wa mstari.

Anayenipa mawazo kwa sasa ni binti yangu wa darasa la sita. Amekulia kwenye uzio ule, na mikono yake inajua vitu ambavyo yangu haitavijua kamwe. Mwalimu wake amemwona na anamtaka kwenye timu ya ngoma ya shule kwa ajili ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Nilipigwa na butwaa kidogo. Mashindano, majaji, alama, vyeti. Nikamkalisha mtoto nikamuuliza kama anataka kweli, nikijiandaa kumweleza mengi.

"Nataka," akasema. "Tukishinda wilaya tunalala bwenini, mama. Na tunapanda basi na mwalimu anatuachia tuimbe."

Nilisaini fomu. Bibi naye alipopata habari alifurahi, ila alipoambiwa kwamba ngoma ya shule imekatwa ili itoshee muda wa majaji, na mtoto akamwonyesha walivyoikata, alisimama. Kumbe wameondoa ule mwisho, pale mapigo yanapopungua mmoja mmoja. Kwa sasa anasubiri Jumanne, mwalimu akiwa na kipindi cha michezo, aende mwenyewe shuleni na ngoma yake. Ameniomba nimpe lifti.